Mapezi ya Mbizi ya Pumzi Moja: Uliza Mguu Kabla ya Kuuliza Bei

Katika kisiwa cha Long Island huko Bahamas kuna shimo la bahari linaloitwa Dean's Blue Hole. Kina chake ni takriban mita 202, maji yake yametulia, na wazamiaji hodari wa dunia hukutana hapo kushindana kushuka na kupanda kwa pumzi moja, bila mtungi wa hewa. Mwaka 2016 William Trubridge wa New Zealand alishuka humo mita 102 kwa mikono na miguu mitupu. Mwaka 2021 Alexey Molchanov wa Urusi alifika mita 131 akiwa amevaa pezi moja pana linalobeba miguu yote miwili. Agosti 2022 Mfaransa Arnaud Jerald akashuka mita 120 kwa mapezi mawili, kila mguu na lake. Shimo ni lilelile. Watu ni tofauti na vifua vyao ni tofauti, lakini sidhani kama kuna mzamiaji atakayebisha kwamba sehemu kubwa ya zile mita za ziada ilitoka miguuni, kwenye mabapa membamba ambayo ukiyashika mkononi huamini kwamba yanaweza kumsukuma mtu mzima.

Wengi wetu tunaozamia Nungwi, Watamu, Misali au Mafia hatuzitafuti mita 120. Tunashuka mita 8, mita 15, pengine 20, tukaangalie matumbawe, tupige picha au tumtafute pweza. Hata hivyo suala la mapezi linatugusa sisi kuliko linavyowagusa mabingwa. Bingwa ana kocha na miguu iliyofundishwa kwa miaka. Sisi tunaingia dukani, au tunamwagiza ndugu aliyeko Dubai, tunaulizwa tunataka laini, ya wastani au magumu, na tunajibu kwa kubahatisha. Wanaume hasa hujibu "magumu", kwa sababu kitu kigumu huonekana ni cha mtu mwenye nguvu. Naamini kwa dhati kwamba kwa wengi wetu jibu hilo si sahihi, na gharama yake hailipwi kwa pesa tu. Hulipwa kwa pumzi, ambayo ndiyo akiba pekee mzamiaji anayoshuka nayo.

Tuanze na kazi yenyewe ya pezi. Pezi humpeleka mtu mbele kwa kusukuma maji nyuma. Kusukuma maji mengi polepole hula nguvu kidogo kuliko kusukuma maji machache kwa kasi, na ndiyo sababu mapezi ya pumzi moja ni marefu kuliko yale ya wazamiaji wa mitungi. Mengi hukaribia au kuzidi sentimita 80 kutoka kisiginoni hadi nchani. Mguu unaposhuka, bapa la pezi hupinda na kuhifadhi sehemu ya nguvu uliyoitoa. Mguu unapogeuza mwelekeo, bapa hujinyoosha na kuirudisha ile nguvu kwa kuyatupa maji nyuma. Pezi linalokufaa hupinda kwa tao moja lililotulia, linaloanzia karibu na vidole na kuendelea hadi ncha, na hujinyoosha sambamba na mguu wako, bila kuchelewa wala kuutangulia.

Sasa litazame pezi lililo gumu kuliko mguu. Halipindi inavyotakiwa. Maji yanasukumwa juu na chini badala ya kwenda nyuma, na mzigo wote unamrudia mwenyewe. Cha kwanza kusalimu amri ni kifundo cha mguu, kinachovutwa kinyume na pale kinapotaka kwenda. Baada ya kifundo ni goti. Goti hujikunja ili kuukwepa mzigo, paja linapanda mbele, na mzamiaji anaanza lile teke ambalo wakufunzi huliita teke la baiskeli: miguu inazunguka, mapovu yanaonekana, jasho linatoka, safari haisogei. Ukiona kijana mwenye mapaja mazito anapitwa majini na binti mwembamba aliyevaa mapezi ya plastiki, usitafute sababu mbali.

Pezi lililo laini kupita kiasi nalo lina matatizo yake. Linapinda mapema na kulala, mguu unamaliza safari yake bila kukutana na upinzani wa maana. Mzamiaji hujaribu kufidia kwa kupanua mateke au kuyaharakisha. Miguu iliyoachana mno hukamata maji na kupunguza mwendo, na mateke ya haraka hupandisha mapigo ya moyo ambayo kabla ya kuzama alikuwa amehangaika kuyashusha. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya matatizo haya mawili. Pezi laini hukuchelewesha. Pezi gumu hukuchosha, na uchovu huo haujionyeshi dukani wala juu ya maji. Hujitokeza wakati uko chini, umegeuka, na unataka kurudi.

Watu hushangaa kwamba mapezi mawili yanayofanana kwa macho yanaweza kuwa na tabia mbili tofauti kabisa. Hesabu yake ni ya shule. Ugumu wa bapa hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Bapa likinenepa kwa asilimia 10 tu, ugumu wake unaongezeka kwa takriban asilimia 33. Likiwa nene mara mbili, ugumu unakuwa mara nane. Unene ambao kidole hakiutambui, paja linautambua baada ya teke la ishirini. Ndiyo maana mafundi wazuri hawatengenezi bapa lenye unene mmoja. Huliacha nene karibu na mguu na kulipunguza tabaka kwa tabaka kuelekea nchani, ili mpindo uenee badala ya kujikusanya sehemu moja.

Ili kujua ugumu gani unahitaji, inabidi uifuate mbizi yenyewe hatua kwa hatua. Chukua mtu mwenye mapafu yanayobeba lita 6 za hewa anapojaza kifua juu ya maji. Akifika mita 10, mgandamizo wa maji umekuwa mara mbili na ile hewa imebanwa hadi lita 3. Mita 20, lita 2. Mita 30, lita moja na nusu. Kila lita inayopotea ni takriban kilo moja ya nguvu inayomwinua ambayo haipo tena. Kwa hiyo katika mita 10 za kwanza amepoteza kilo 3 nzima, na katika mita 10 zinazofuata kilo moja tu. Hapa ndipo ilipo siri ya mbizi ya pumzi moja: kazi kubwa ya kushuka iko juu, mwanzoni kabisa, pale bahari inapomkataa. Akishapita kina ambacho haelei wala hazami, anaweza kuacha kupiga miguu na kushuka kwa uzito wake mwenyewe, kimya, huku akiweka akiba.

Deni linakuja kulipwa wakati wa kugeuka. Ule uzito uliomshusha bure sasa lazima aubebe kurudi, na mateke ya kwanza kutoka chini ndiyo mazito kuliko yote. Ukiisikiliza hoja hii haraka, unaweza kusema: basi nahitaji pezi gumu kwa ajili ya mateke hayo. Lakini rudi kwenye hesabu. Kama mzamiaji wetu amepanga uzito wa mkanda wake vizuri, ili mita 10 asielee wala asizame, basi akiwa mita 20 anachobeba ni kilo moja au zaidi kidogo kulingana na nguo aliyovaa. Kilo moja haihitaji ubao miguuni. Inahitaji teke lililopangika, linaloanzia nyongani, lenye pezi linalopinda.

Na nguo ndiyo inayobadilisha hesabu hii kutoka bahari moja hadi nyingine. Nguo ya mpira ya kuzamia imejaa vipovu vidogo vya gesi. Juu ya maji vipovu hivyo humwinua mtu. Chini hubanwa na msaada wake hupotea. Mvuvi wa mkuki wa Italia au Ufaransa anayeingia maji ya baridi akiwa na nguo ya milimita 5 au 7 hulazimika kufunga vipande vingi vya risasi kiunoni ili azame, na vipande hivyohivyo vinamvuta anapotaka kupanda. Tofauti ya uzito kati ya juu na chini kwake ni kubwa, na pezi la wastani au gumu kiasi lina haki ya kuwapo. Mengi ya mapezi marefu yanayouzwa duniani yamekulia katika bahari hiyo, Mediterania, mikononi mwa wavuvi hao.

Bahari yetu ni nyingine. Joto la maji ya juu katika pwani ya Afrika Mashariki huwa kati ya nyuzi 25 hivi wakati wa kusi na karibu 30 wakati wa kaskazi. Wengi huzamia kwa fulana na kaptula, au nguo ya milimita 1 hadi 3. Risasi za mkandani ni chache, na baadhi ya watu wembamba hawazihitaji kabisa. Ushauri unaotolewa kwa mzamiaji wa Sardinia mwezi wa Januari hauwezi kuchukuliwa ulivyo na kupewa mtu wa Kizimkazi. Kwa maji ya joto, nguo nyembamba na kina cha mita 20, mzamiaji wa kawaida anahitaji pezi laini zaidi ya lile analodhani analihitaji. Hilo ndilo ningependa lisomwe na kila anayejiandaa kutoa pesa.

Kuhusu pesa na madukani, kuna jambo linalowapotosha wengi. Hakuna kipimo kimoja cha dunia cha ugumu wa mapezi. Kila kiwanda kina lugha yake. Kimoja huandika laini, wastani na gumu; kingine hutumia namba, kwa mfano 25, 30 na 40 kwenye mapezi ya kaboni ya C4 ya Italia. Wastani wa kiwanda kimoja unaweza kuwa laini wa kingine. Kumwambia rafiki "mimi natumia ya wastani, chukua ya wastani" bila kutaja kiwanda na aina hakumsaidii kitu.

Wala mkono hausaidii. Mtu hushika ncha ya pezi dukani, huikunja, hutikisa kichwa kwa kuridhika. Mkono unapima ncha peke yake, tena kwa nguvu ambayo haifanani na ya maji. Wapo wazamiaji wanaotumia njia ya haki zaidi, na ni rahisi kuifanya nyumbani. Bana kiatu cha pezi kwenye ukingo wa meza ili bapa litokeze hewani, tundika uzito unaojulikana kwenye ncha, tuseme kilo 2 za vipande vya risasi, kisha pima kwa futi ncha imeshuka sentimita ngapi. Fanya vilevile kwa pezi la mwenzako ulilolijaribu na kulipenda. Sasa mna namba mbili zinazoweza kulinganishwa, hata kama mapezi yametoka viwanda tofauti. Tazama pia umbo la mpindo: kama bapa limevunjika pembe karibu na kiatu, au limepinda nchani tu na kwingineko limekaza, hilo si pezi la kuzamia nalo.

Viwanda vingi hutoa jedwali linaloanza na uzito wa mwili: mwepesi achukue laini, mzito achukue gumu. Jedwali lina maana yake, kwa kuwa mtu mkubwa ana mwili mpana wa kuupenyeza majini na kwa kawaida ana misuli zaidi. Lakini majini uzito wa mizani karibu unatoweka. Mtu wa kilo 95 aliyeongezeka tumbo baada ya kukaa ofisini, na mtu wa kilo 95 anayecheza raga, jedwali linawapa pezi moja, na mmojawao ataumia. Mimi ningeangalia kwanza kifundo cha mguu. Kaa chini, nyoosha miguu, elekeza vidole mbele uwezavyo. Ambaye unyayo wake unakaribia kulala kwenye mstari mmoja na muundi ana bahati. Nguvu ya paja lake itafika kwenye bapa. Ambaye kifundo chake kimekaza, na hao ni wengi miongoni mwa wakimbiaji na wachezaji mpira, pezi gumu litamrudishia teke lake lote kwenye shavu la mguu na msuli utamkaza. Mafundi wanalijua tatizo hili, ndiyo maana bapa la pezi refu halifungwi sambamba na kiatu bali hushushwa kwa pembe, kwa kawaida nyuzi 20 hadi 30, ili kufidia kile ambacho kifundo hakiwezi.

Kisha angalia teke lenyewe. Katika teke la pezi, wengi wana nguvu zaidi kuelekea mbele kuliko kurudi nyuma. Pezi gumu huukuza upungufu huu: mtu hupiga mbele kwa nguvu, nyuma anarudisha tu mguu, na mwili unaacha mstari wa kamba ya kushukia na kwenda upande. Pezi laini humruhusu anayeanza kujifunza teke lililo sawa pande zote mbili, la magoti yaliyolegea kidogo, lenye mdundo mmoja. Akishalipata, ndipo anaweza kujua kama anahitaji zaidi. Asiyelipata hawezi kujua, maana kila pezi atakalovaa litaonekana bovu.

Niongeze neno kuhusu kiatu cha pezi, ambacho watu hukipuuza kwa sababu hakina sifa. Kiatu kikubwa kwa mguu huacha mguu ucheze ndani, na kila mchezo ni nguvu iliyomwagika. Kiatu kidogo hubana unyayo, damu haipiti vizuri, na ganzi au mkazo huja kabla hata ya kuchoka. Raba ya pembeni mwa kiatu, ile inayoshika kingo za bapa, huongeza ugumu wa pezi zima. Bapa moja likihamishwa kutoka kiatu laini kwenda kiatu kigumu linakuwa pezi jingine. Ukiwa na pesa ya kununua kimoja kizuri kati ya bapa na kiatu, nunua kiatu kinachokukaa, kisha vaa nacho soksi nyembamba za mpira.

Ugumu pia unafuata kile pezi lilichotengenezwa nacho. Mapezi ya kwanza ya kisasa yalikuwa ya raba: Louis de Corlieu, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, aliyasajili mwaka 1933, na Owen Churchill wa Marekani akaanza kuyatengeneza na kuyauza kwao mwaka 1940. Leo mzamiaji wa pumzi moja huchagua kati ya plastiki, faibaglasi na kaboni. Kaboni ni nyepesi na hurudisha nguvu nyingi iliyohifadhiwa na mpindo. Faibaglasi inaifuata kwa karibu. Plastiki ni nzito na nguvu nyingine huipoteza njiani, lakini ni rahisi na huvumilia kugongwa. Usichanganye kaboni na ugumu. Kaboni laini ipo, na ndiyo inayowafaa wengi. Kuna watu waliotumia dola mia kadhaa kununua kaboni ngumu wakaishia kurudi kwenye plastiki yao ya zamani, wakidai kaboni haina faida, ilhali walichokosea ni ugumu.

Kwa mazingira yetu plastiki ina jambo moja la kuangaliwa. Joto huilainisha. Pezi lililojaribiwa kwenye duka lenye kiyoyozi litakuwa laini zaidi baada ya kukaa saa mbili kwenye sakafu ya boti juani. Likiachwa limesimamishwa kwa ncha, au limefinywa chini ya mizigo kwenye gari lililofungwa vioo, hupinda na kubaki limepinda. Yalaze mapezi yakiwa bapa kivulini, yasuuze kwa maji baridi. Kaboni haiogopi jua kiasi hicho, ila huogopa mwamba: pigo moja la pembeni kwenye jiwe linaweza kuanzisha ufa ambao huuoni hadi siku bapa linapokatika. Anayeingilia ufukweni kwa kukanyaga mwamba, kama ilivyo sehemu nyingi za mashariki ya Unguja maji yanapokuwa yametoka, namshauri abaki na plastiki au faibaglasi, tena plastiki laini.

Nimetetea sana pezi laini. Sasa niseme linaposhindwa. Bamvua linapofika, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hufikia karibu mita 4, na maji yote hayo lazima yapite mahali. Kwenye mlango wa Kinasi huko Mafia, ambako bahari huingia na kutoka Ghuba ya Chole, au kwenye milango kati ya visiwa vidogo vya magharibi ya Pemba, mkondo hukimbia. Mtu anayelazimika kupiga miguu dhidi ya mkondo huku ameshika kamera kubwa, au anayemwongoza mgeni na lazima awe na nguvu ya kumvuta, atafurahia pezi la wastani. Vivyo hivyo mtu mkubwa mwenye mapaja ya mazoezi, na mzamiaji anayeshuka mita 40 na zaidi ambaye uzito wake chini ni mkubwa kweli. Hata kwao, neno ni wastani. Sijaona sababu ya mtu wa pwani hii kuanza na gumu. Na mkondo wenyewe jibu lake la kwanza ni kusubiri: mzamiaji mwenye busara humuuliza nahodha maji yanasimama saa ngapi, na huingia wakati huo.

Wenzetu wavuvi wa pweza wanaozamia kwa miwani na mkuki wana shida ya namna nyingine. Wengi huvaa mapezi mafupi ya raba au plastiki nzito, yaliyoundwa kwa ajili ya wazamiaji wa mitungi, kwa kuwa ndiyo yanayopatikana. Mapezi hayo yana ugumu wa kusukuma mtu aliyebeba mtungi mgongoni. Kwa mtu anayezama na kuibuka mfululizo asubuhi nzima, ni mzigo. Kwake kinachohesabika ni jumla ya nguvu ya siku nzima, zaidi ya nguvu ya mbizi moja. Pezi refu laini la plastiki lingempa mapumziko kati ya mbizi na mbizi. Vituo vya kuzamia na miradi inayosaidia jamii za wavuvi ingefanya jambo jema kulikumbuka hili inapogawa vifaa. Lakini pezi zuri lisigeuzwe chombo cha kuimaliza miamba: Kenya imepiga marufuku bunduki za kuvulia samaki tangu 2001, na mahali pengine kanuni hutofautiana, kwa hiyo muulize afisa uvuvi kabla hujachukua chochote baharini.

Namna bora ya kujua pezi lako ni kulipima kwa mbizi, na vipimo vyenyewe havina gharama. Funga kamba kwenye boya, weka uzito chini, mita 10 hadi 15. Mwenzako akupige video kutoka ubavuni, hata kwa simu iliyo kwenye mfuko wa kuzuia maji. Angalia magoti: yanakunjika mno? Angalia bapa: linafanya tao, au limenyooka? Wazamiaji wengi wazuri husafiri kwa takriban mita moja kwa sekunde. Ukishuka mita 15 kwa sekunde 15 hadi 18 bila kukimbia, uko pazuri. Kisha jisikilize baada ya mbizi kadhaa. Mapaja yanayowaka baada ya mbizi fupi, shavu la mguu linalokaza, kidole gumba kinachokufa ganzi, hizo ni dalili za pezi gumu. Kuhisi kwamba unapiga na hakuna kinachoshika, hasa kwenye mateke matatu ya kwanza kutoka chini, ni dalili ya pezi laini mno. Ukijikuta katikati, hujui uchague pezi lipi kati ya viwango viwili vya ugumu vinavyofuatana, chukua lile laini.

Sababu inayonifanya nilisisitize hili ni ya uhai. Misuli ya mapaja ni mikubwa na hula oksijeni nyingi. Kila teke linalopotea kwa kupambana na pezi hutumia hewa ambayo ubongo utaihitaji dakika ya mwisho. Na dakika ya mwisho ina hila yake: mzamiaji anapopanda kutoka mita 10 hadi juu, mgandamizo unapungua nusu, na pamoja nao nguvu ya oksijeni iliyobaki mapafuni kuingia kwenye damu. Ndiyo maana watu wengi hupoteza fahamu karibu kabisa na uso wa maji, au baada ya kuibuka, wakiwa wameshaona jua. Mtu aliyepoteza fahamu hivyo akishikwa na mwenzake na uso wake ukawekwa juu ya maji, kwa kawaida huzinduka. Asiye na mwenzake huzama kimya. Hakuna pezi, liwe la raba au la kaboni, linalobadilisha jambo hilo.

Kwa hiyo kabla ya kumtumia ndugu pesa Dubai, nenda kwenye kituo cha kuzamia kilicho karibu nawe, omba au kodi jozi mbili za ugumu tofauti, na uzipeleke kwenye kamba siku moja ya maji tulivu. Jifunze kwa mkufunzi aliyesomea mbizi ya pumzi moja. Nunua pezi ambalo mguu wako utaweza kulipinda hata katika mbizi ya mwisho ya siku. Na usizame peke yako, hata mita 5: mmoja akiwa chini, mwingine abaki juu, macho yake kwa mwenzake, hadi atakapomsikia amevuta pumzi na kusema yuko salama.